Bomba limefika mlangoni, karo bado zima

*Ukurasa wa wenye nyumba: maswali yenu, majibu ya mafundi na wakaguzi wa majengo*

Nimeletewa karatasi ya kufukia karo. Nikatae?

Assalaam alaykum. Nyumba yetu iko Malindi, Mji Mkongwe, tumeirithi kwa marehemu baba. Chini tumepangisha, juu tunakaa wenyewe. Vyoo vyote vinamwaga katika karo lililoko uani, na miaka yote hiyo hatujaliona likifurika, wala hatukumbuki mara ya mwisho kuita gari la kunyonya. Sasa bomba la maji machafu limepitishwa kichochoroni, na nimeletewa karatasi kwamba niunganishe, nilipe ada, na karo nilifukie. Nimegoma. Kwanza karo ni zima, na wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Pili, sakafu yetu ya chini iko chini kuliko kichochoro. Tatu, jirani anasema hataki kuona sululu mbele ya baraza yake. Je, wanaweza kunilazimisha? Na kipande cha kichochoroni nakilipia mimi?

*Mwenye nyumba, Malindi*

Wa alaykumu salaam. Tuanze na hilo karo zima, kwa sababu ndilo unalolitegemea zaidi, na ndilo hoja yako iliyo dhaifu kuliko zote. Karo linalopokea vyoo vya kaya mbili kwa miaka bila kunyonywa na bila kufurika si zima. Linavuja. Karo lililojengwa sawasawa lina sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta, kwa hiyo kila ndoo inayoingia lazima itoke upande wa pili kwenda shimo la kunyonyea, ambamo maji hunywewa na ardhi, na tope linabaki chini likiongezeka mwaka hadi mwaka. Likifika theluthi ya kina, lazima linyonywe. Lako halina tope la kunyonya wala maji ya kufurika, basi vyote viwili vimekwenda wapi? Makaro mengi ya zamani yalijengwa kwa mawe makavu bila sakafu, na Mji Mkongwe umekaa juu ya matumbawe na mchanga. Matumbawe yana mianya na matundu. Maji machafu hupita humo upesi, kabla udongo haujapata nafasi ya kuyachuja. Kwa walio upande wa Darajani, palipokuwa na mkono wa bahari uliofukiwa, maji ya ardhini yako karibu sana na huingia karoni kwa chini.

Usitusadiki sisi, pima. Ita gari, karo linyonywe likauke, kisha usiku huo nyumba nzima isitumie choo wala bafu kinachomwaga humo. Asubuhi mulika kwa tochi kutoka juu. Maji yakiwa yamepanda, yameingia kutoka ardhini, na palipo na njia ya kuingilia pana njia ya kutokea. Pakiwa pakavu, mimina maji hadi nusu, weka alama ukutani kwa fimbo ndefu, uangalie kesho yake. Yakishuka, unajua. Mtu asiingie ndani kwa hali yoyote, hata kwa dakika moja, hata karo likionekana tupu. Gesi ya humo inanuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi pua haiisikii tena, na mtu huanguka bila kuhisi onyo. Anayeingia kumwokoa huanguka juu yake.

Ikiwa kipimo kitaonyesha karo halivuji hata kidogo, hapo una hoja ya kupeleka mezani. Likivuja, hiyo karatasi itakushinda tu, na heri uende ukiwa na masharti yako kuliko kungoja.

Kulazimishwa: serikali za mitaa za Zanzibar zinafanya kazi chini ya Sheria Namba 7 ya 2014, na usafi wa mji ni jukumu lao, mamlaka za afya na mazingira nazo zina nguvu juu ya chanzo kinachochafua maji. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba mwenye karo linalovuja anaweza kutakiwa alifunge. Lakini kutakiwa huko kuwe kwa maandishi yaliyokamilika. Itazame tena karatasi yako. Inataja sheria na kifungu? Inataja nyumba yako kwa namba? Inasema ada ni kiasi gani, inalipwa mara moja au kila mwezi, na imekokotolewa kwa msingi gani? Inaonyesha ni chemba ipi, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba, utakayoungia, na kina cha bomba humo? Inasema rufaa inapelekwa wapi na kwa muda gani? Palipo na upungufu, andika barua ya kuuliza, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Kunyamaza ndiko kunakowaponza wengi: ofisi huhesabu kimya kuwa ni kukataa, na muda wa rufaa unapita.

Sasa tufike kwenye sakafu yako, maana hapa ndipo jambo zima linapoamuliwa, na ajabu ni kwamba watu hugombana miezi juu ya ada kabla ya yeyote kupima. Maji machafu hayatembei kwa amri ya mtu, yanatembea kwa mteremko. Bomba la inchi 4 linataka kushuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Fundi achukue mpira mwembamba unaoonyesha ndani, aujaze maji bila povu la hewa, ahamishe usawa wa mfuniko wa chemba ya kichochoroni hadi chooni kwako. Kisha apime vitu vitatu: sakafu iko chini ya kichochoro kwa kiasi gani, kitako cha bomba linalotoka chooni kiko chini ya sakafu kwa kiasi gani, na kitako cha bomba kuu ndani ya chemba kiko chini ya mfuniko kwa kiasi gani.

Tuchukue mfano unaofanana na wako. Sakafu iko sentimita 30 chini ya kichochoro. Bomba la choo liko sentimita 35 chini ya sakafu. Jumla 65. Kutoka chooni hadi chemba ya umma, kufuata njia ya bomba, ni mita 18. Mita 18 mara 2.5 ni sentimita 45. Kwa hiyo bomba lako litafika chemba likiwa sentimita 110 chini ya kichochoro. Kama kitako cha bomba kuu kiko sentimita 140, una nafasi ya sentimita 30, kazi inafanyika vizuri. Kama kiko 90, haifanyiki, na hapo hakuna fundi wa kukufanyia hila. Atakayekwambia "tutalilaza kidogo tu" anakuuzia mzibo wa kila mwezi.

Ikiwa umekosa kina, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kunyanyua sakafu ya choo cha chini. Katika mfano huu sentimita 20, yaani kidato kimoja, na mara nyingi ndiyo njia rahisi na ya kudumu. Wengine hupendekeza bomba la inchi 6, ambalo hukubali mteremko mdogo, kiasi cha sentimita 1 kwa kila sentimita 60. Lakini kwa mita 18 bado linataka sentimita 30 nawe una 25, na zaidi ya hapo bomba kubwa lenye maji kidogo lina tabia mbaya: maji hutangulia, uchafu hubaki nyuma. Linafaa pale vyoo kadhaa vinapomwaga pamoja. Njia ya pili ni pampu na tangi dogo la kukusanyia, ambayo itakudai umeme, fundi na vipuri maisha yake yote. Umeme ukikatika na wapangaji wako wawe hawana habari, mtajuana. Ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni kuliziba karo lako lisivuje, liwe la kutuliza tope, kisha maji yaliyotulia tu ndiyo yaende kwenye bomba la umma. Inahitaji ruhusa ya maandishi, gari la kunyonya utaendelea kuliita, na kina bado lazima kitoshe kutoka mdomo wa kutokea wa karo. Iulize, lakini usiifanye kimyakimya.

Hata kina kikitosha, sakafu iliyo chini ya kichochoro ina hatari nyingine. Bomba kuu likiziba mbele, maji hupanda kwenye chemba hadi yapate pa kutokea, na pa kutokea pa chini kuliko pote ni bafu la mpangaji wako, sio mfuniko wa kichochoroni. Wakati wa masika, mvua ikikutana na bamvua, maji yaliyozoea kutokea baharini hayana pa kwenda. Ongeza mafuta ya mapishi ya mtaa mzima na mabomba ya mapaa yaliyounganishwa kwa siri. Kwa hiyo weka vali yenye ulimi unaojifunga maji yanaporudi, na uiweke ndani ya chemba yenye mfuniko unaofunguka, isizikwe. Ulimi ukikwama kwa nywele au kitambaa, vali haina maana, kwa hiyo isafishwe kila baada ya miezi michache na lazima kabla ya masika. Jambo linalosahauliwa: bomba la vyoo vya juu liingie baada ya vali, upande wa kichochoroni. Likiingia kabla yake, siku ulimi umejifunga, kila atakayevuta maji juu atamfurikisha wa chini, na maji hayo yatakuwa yenu wenyewe.

Nani alipe? Kawaida mwenye nyumba hulipia kuanzia chooni hadi mahali pa kuungia, na wenye bomba kuu hulipia kuanzia hapo kwenda mbele. Ugomvi wote uko katika neno "mahali". Kama mahali pa kuungia ni chemba ya katikati ya kichochoro, basi kipande cha nje ni chako, na siku kikiziba au kikipasuka utaomba kibali, utavunja sakafu ya kichochoro na utairudisha kwa gharama yako. Kama ni chemba ndogo iliyojengwa pembeni mwa ukuta wako, umesalimika. Dai hiyo chemba ya mpakani. Ndilo sharti moja tungelishikilia kuliko kupigania punguzo la ada, na liandikwe pamoja na mchoro na sahihi.

Jirani hana uwezo wa kuzuia kazi ya kichochoro, kwa sababu kichochoro si chake. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na kila mmoja wetu ana haki ya matumizi ya kipande chake tu, kwa mujibu wa Sheria ya 1992. Lakini baraza yake ikiwa ndani ya eneo lake na bomba likalazimika kupita chini yake, hapo unahitaji ridhaa yake kwa maandishi, na isajiliwe, ili atakayenunua nyumba yake kesho asikukatie bomba. Anza kwa sheha, mkae watatu. Mahakama ya Ardhi ipo, ila kesi ya mita tatu za bomba inakula fedha nyingi kuliko kulizungusha bomba. Mpe jirani jambo analolitaka: siku za kazi zijulikane, mtaro usilale wazi usiku, na picha za baraza yake zipigwe kabla sululu haijashuka, kwa faida yenu nyote wawili.

Na hofu yake si ya bure. Kuta za nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene lakini zenye msingi wa kina kifupi. Mtaro uliochimbwa ubavuni mwa ukuta, chini kuliko msingi, huvuta udongo kutoka chini yake. Umbali kati ya mtaro na ukuta usipungue kina cha mtaro wenyewe chini ya kitako cha msingi. Kichochoro kikiwa chembamba mno kwa hilo, chimbeni kwa vipande vya mita moja, laza, fukia na shindilia kabla ya kufungua kipande kingine. Mkiuvunja ukuta kupitisha bomba, rudishieni chokaa. Saruji hufunga unyevu ndani na plasta hubanduka. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kitangulie. Mji uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na kazi inayosimamishwa katikati huacha mtaro wazi mlangoni kwako.

Vifaa vya mita 18: bomba za inchi 4 za mita 6 ni tatu, nunua nne. Palipo na kona usitumie elbo moja ya nyuzi 90. Tumia mbili za 45. Kila kona na kila maungio yawe na chemba. Chemba ya sentimita 60 kwa 60 yenye kina cha 90 inakula matufali kama 30 ya inchi 6 na mifuko mitatu ya saruji pamoja na mfuniko. Ndani yake fundi ajenge mabega ya zege yanayoelekeza maji kwenye njia moja. Chemba yenye sakafu bapa ni sahani ya kukusanyia uchafu. Chini ya bomba tandika mchanga sentimita 10, juu yake sentimita 30 zisizo na jiwe, ndipo kifusi kirudi. Bomba la maji ya kunywa lipite juu ya hili, sentimita 45 zikiwezekana, wala yasilazwe ubavu kwa ubavu katika mtaro mmoja. Kabla ya kufukia, ziba upande wa chini, jaza maji hadi chemba ya juu, weka alama, subiri saa nzima. Fundi anayetaka kufukia kwanza na kujaribu baadaye, malipo yake nayo yasubiri baadaye.

Karo usilikate mpaka uthibitishiwe kwamba bomba kuu limeanza kupeleka maji hadi mwisho wake. Bomba lililolazwa si bomba linalofanya kazi. Siku hiyo ikifika, karo linyonywe, sakafu yake itobolewe kutoka juu kwa mtaimbo mrefu ili maji ya mvua yasituame, dari ivunjwe, na lijazwe kifusi safi kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 30, kila tabaka likishindiliwa. Karo la mita 2 kwa 1.5 lenye kina cha 1.8 ni mita za ujazo 5.4, kwa kushindilia hesabu 6 na nusu. Usilijaze mchanga wa kununua: mchanga wa Unguja unachimbwa kwa kibali, ni haba na ghali, na kifusi chako cha mtaro kinatosha nusu ya kazi. Matambara, magogo na takataka zisiingie, zitaoza na uani patadidimia. Risiti ya kunyonya na picha za kufukia ziweke pamoja na karatasi ya kuungiwa.

Karo moja, warithi wanne

Tuna nyumba mbili zilizoshikana Mkunazini, na karo moja lililoko upande wa dada. Yeye anataka kuunga kwenye bomba la mji, sisi hatuna fedha mwaka huu. Anasema atalifukia. Anaweza?

*Ndugu wa Mkunazini*

Karo liko kwake, lakini kama urithi uligawiwa huku nyumba zote mbili zikilitumia, haki yenu ya kumwaga humo haiondoki kwa kufukia tu, na akiwafungia bila njia nyingine mtakuwa na kesi ya kuzungumza. Yeye naye hawezi kulazimishwa kubaki na karo chini ya sebule yake kwa sababu ninyi mmechelewa. Njia nafuu ni hii: akichimba sasa, bomba la kutokea liwe moja la kutosha nyumba zote mbili, na upande wenu paachwe mdomo uliozibwa ndani ya chemba. Ninyi lipeni tofauti ya mita chache na hiyo chemba tu. Mkija kuunga mwakani hamtachimba kichochoro tena. Andikeni nani atazibua kipande cha pamoja: kila mmoja azibue kilicho chake hadi chemba ya maungio, na kuanzia hapo kwenda nje mgawane sawa. Sheha ashuhudie. Ndugu wengi huona aibu kuandikiana, kisha hugombana vizuri sana.

Kama hati bado iko kwa jina la marehemu, mirathi itangulie. Na kwa mliotuuliza kuhusu nyumba za wakfu: mpangaji asitoe fedha za kuungia mfukoni mwake kabla ya kupata barua ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayosema kama zitakatwa kwenye kodi au la.

Tangu tuunge, vyumba vinanuka

Nina nyumba ya wageni Shangani. Tulikuwa na karo, sasa tumeunga. Vyumba vya chini vinanuka usiku na mende wameongezeka. Fundi anasema bomba la mji ndilo bovu.

*Mwenye nyumba ya wageni*

Bomba la mji lina hewa chafu, ndiyo hali yake. Kazi ya kuizuia isiingie ni ya mabomba yako. Zamani hewa ya karo moja ilikuwa ikirudi kidogo; sasa umefunguliwa mlango wa mtaa mzima.

Sikiliza harufu inakuja lini. Ikiwa iko wakati wote, kuna tundu la sakafu lisilo na mtego wa maji chini yake, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia hewa chafu, jambo la kawaida katika mabafu ya zamani. Mtego unatakiwa kushika maji ya kina cha sentimita 5. Ulio mfupi zaidi haufai. Ikija baada ya chumba kukaa bila mgeni, mtego umekauka, hasa kwa joto la kaskazi: mhudumu amimine lita moja ya maji katika kila tundu kila wiki, na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake kupunguza kukauka. Ikija mara tu mtu wa juu anapovuta maji, na ukasikia bafu la chini likigugumia, mtego unanyonywa, kwa sababu bomba la kusimama halina pumzi. Lipandishwe hadi juu ya paa, wazi, mbali na madirisha na mbali na mdomo wa tangi la maji. Kufunika ncha yake kwa kopo ili ndege wasiingie ndiko kunakoharibu, weka wavu.

Angalia pia mabomba membamba ya viyoyozi. Mafundi huyachomeka moja kwa moja kwenye bomba la choo, na kiyoyozi kinakupulizia mtaa wote chumbani. Yamwage juu ya mtego wa nje, yakiwa na nafasi ya hewa kati.

Jiko lako ni mlango wa pili wa ugomvi, huu na ofisi. Sinki za jiko zipite katika mtego wa mafuta kabla ya kufika kwenye chemba. Vyoo visipite humo. Maji yanatakiwa yakae humo karibu nusu saa ili yapoe na mafuta yaelee, kwa hiyo sinki zinazotoa lita 20 kwa dakika zinataka mtego wa lita 600. Mtego usafishwe pale mafuta na mashapo yanapofika robo ya kina. Kuyayeyusha kwa maji ya moto na sabuni ni kuyasogeza tu: yataganda mita 10 mbele, kichochoroni, na chemba itakayofunguliwa ni ya mbele ya mlango wako.

Karo la zamani nilifanye tangi la maji ya mvua?

*Msomaji, Kiponda*

La. Kuta za mawe zimeshanyonya uchafu wa miaka, na plasta mpya juu yake hupasuka. Hata ukisema ni ya kufulia tu, siku mfereji haukutoka maji mtayachota ya kupikia. Lifukie, tangi la plastiki likae juu ya kifusi kikishatulia, baada ya masika moja.

Ninajenga Pemba, bomba halijafika

Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu Machomane, Chake Chake. Mtaani kwetu hakuna bomba la maji machafu. Nijenge karo la rahisi nikisubiri?

*Mjenzi, Chake Chake*

Usisubiri kwa shimo la bure. Kwa watu wanane jenga karo la mita za ujazo 3: urefu wa ndani mita 2.4, upana mita 1, kina cha maji mita 1.3, na sentimita 30 za hewa juu. Ukuta wa kati uache chumba cha kwanza kiwe na theluthi mbili, yaani mita 1.6. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 7, na yote mawili yawe na tii, kiungo chenye umbo la T, inayozama majini. Ya kutokea izame sentimita 50 ili isibebe povu la juu wala tope la chini. Bila tii hizo umejenga shimo lenye zege.

Kabla ya kuchagua shimo la kunyonyea, jaribu udongo, maana vilima vya Chake vina udongo mzito mahali pengi. Chimba kishimo cha sentimita 30 katika kina kile maji yatakapotokea, kijaze maji, kiache usiku. Kesho yake jaza tena na tazama saa: maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2 na nusu, shimo moja halitakidhi, na utahitaji mitaro mirefu yenye kokoto au mahali pengine. Kisima chochote, chako au cha jirani, kiwe mita 30 mbali.

Halafu andaa siku ya bomba. Karo lijengwe upande wa barabara, gari la kunyonya nalo litalifikia. Sakafu ya nyumba iwe juu ya barabara kwa sentimita 45 angalau. Wa Malindi hapo juu angetamani. Mbele ya karo weka chemba yenye midomo miwili: mmoja uende karoni, wa pili uelekee barabarani ukiwa umezibwa kwa kifuniko na kutokezea mita moja nje ya msingi wa ukuta. Pima mahali ulipoishia kutoka pembe mbili za nyumba, andika na kina chake, na karatasi hiyo ikae pamoja na ramani ya nyumba.